Mtoto na kipanuzi cha kaakaa: muulize wapi, kisha lini

Kipanuzi cha kaakaa, ambacho kliniki nyingi hukiita ekspanda, ni chuma kinachogandishwa kwa simenti ya meno kwenye magego ya juu, kulia na kushoto. Katikati, chini ya paa la kinywa, kina skrubu ndogo yenye matundu. Mzazi hupewa ufunguo mwembamba na kuelekezwa aigeuze nyumbani, mara nyingi mara moja au mbili kwa siku, kadiri daktari alivyoandika. Kila robo ya mzunguko huongeza takriban milimita 0.25. Kazi hii hufanywa utotoni kwa sababu mfupa wa kaakaa una mshono katikati ambao bado haujafunga. Mtu akishapevuka, mshono ukishakaza, kupanua taya kunaweza kudai upasuaji.

Kwa hiyo wanaowekewa mara nyingi ni watoto, hata wa miaka 7, 8 au 9, na hapo ndipo wazazi wanapopata taabu. Mtoto wa umri huo atakwambia "kinauma", basi. Kinauma hiyo inaweza kuwa shinikizo la kawaida la skrubu, inaweza kuwa kidonda cha ulimi, inaweza kuwa punje ya wali iliyonasa, na inaweza kuwa pete, yaani ile sehemu ya chuma inayolizunguka gego, imebanduka. Kazi yangu ni kukaa na wazazi kliniki kabla hawajaenda nyumbani na ule ufunguo, na ninachowaomba ni kitu kimoja: kabla ya kumbembeleza, kabla ya dawa, muulize wapi, kisha lini. Mwambie aoneshe kwa kidole. Majibu hayo mawili yanatenganisha kinywa kinachozoea na chuma chenye hitilafu. Kinywa kinachozoea kinataka subira na mbinu ndogo ndogo. Chuma chenye hitilafu kinamtaka daktari, na huwezi kukitengeneza mezani kwako.

"Mama, mate yananijaa"

Hili ndilo la kwanza, huanza hata kabla hamjafika stendi. Kinywa kimepata kitu kipya na kinakichukulia kama chakula, kwa hiyo tezi za mate zinafanya kazi kupita kiasi. Hakuna kilichoharibika. Mpe maji anywe kidogo kidogo, mkumbushe kumeza, tandika taulo kwenye mto usiku. Kwa watoto wengi hali hutulia ndani ya wiki ya kwanza. Mkataze kwa upole kukinyonya chuma au kukisukuma kwa ulimi, maana kadiri anavyokichezea ndivyo mate yanavyozidi.

Akitokwa na udenda huku hawezi kumeza kabisa, au anapumua kwa shida, hilo si suala la kuzoea. Mpeleke hospitali hapo hapo.

"Siwezi kumeza"

Mlo wa kwanza ndio unaowaliza wengi. Tunapomeza, ulimi huegemea kaakaa na kusukuma chakula nyuma. Sasa ulimi unakutana na chuma, chakula kinabaki katikati, mtoto anahisi kutapika. Msimlazimishe kumaliza sahani. Siku mbili tatu za mwanzo mpe vinavyoteleza: uji usio na madonge, mtori, bokoboko, supu ya viazi, mtindi, parachichi, ndizi mbivu iliyopondwa. Kijiko kiwe kidogo, chakula kiwekwe upande wa magego na si katikati ya ulimi, na akae wima akipumua kwa pua. Ugali wa kawaida unaweza kuingia siku ya tatu au ya nne, tonge dogo lililolowekwa vizuri kwenye mchuzi.

Mwenye mafua atapata shida zaidi kwa sababu hawezi kutafuna huku akipumua. Safisha pua kwanza, ndipo umkaribishe chakula.

Halafu kuna vitu vya kuviacha mpaka chuma kitoke, na hapa sina huruma: miwa, mahindi ya kuchoma, bisi, karanga, kashata, barafu ya kutafuna, bazoka na jamii yake yote. Ubuyu ndio mbaya kuliko vyote kwa watoto wa pwani. Una sukari inayokaa mdomoni muda mrefu, una punje ngumu, na mtoto ataufumbata shavuni saa nzima akiwa shule bila wewe kujua. Wazazi wengi wanaoniambia pete imebanduka "yenyewe" wana mfuko wa ubuyu kwenye begi la shule.

"Napata kithembe, wananicheka"

Herufi kama s, sh, z, t, n na r zinahitaji ulimi uguse au ukaribie paa la kinywa na sehemu za mbele. Chuma kikiwepo, sauti inapotea njia. Sababu ni hiyo tu. Dawa yake ni kuongea, si kunyamaza. Msomeshe kitabu kwa sauti kila jioni, aimbe, ahesabu. "Sita, saba" peke yake ni zoezi zuri kwa sababu linaanza na s mara mbili. Anayeongea sana hupona haraka kuliko anayejificha, na kwa kawaida wiki moja au mbili zinatosha.

Anayesoma madrasa ana mzigo wa ziada. Anasahihishwa makharija ya herufi, yaani mahali kila sauti inapotokea kinywani, kila siku, na ghafla sin, sad, shin na tha zote zinamtoka vibaya mbele ya wenzake. Nenda ukamwone ustadhi mwenyewe, usitume salamu. Mweleze kuna chuma kaakaani, kwamba ni kwa muda, na umwombe asimsimamishe kusoma peke yake kwa wiki hizo. Mwalimu wa darasa naye aambiwe. Nimeona mtoto msomaji mzuri akikataa shule kabisa, na wazazi wakidhani ni maumivu, kumbe ni aibu. Ukimuuliza "wapi panauma?" akashindwa kuonesha mahali, fikiria aibu.

"Puani panabana"

Mtoto ataonesha katikati ya macho, juu ya pua, au mashavuni chini ya macho. Ukiuliza lini, atasema: ulipogeuza. Hii ndiyo dalili inayotarajiwa, maana mifupa ya taya ya juu inapakana na pua, na nguvu ya skrubu inafika huko. Meno ya mbele nayo yanaweza kuwasha kidogo. Kwa kawaida hupita baada ya dakika chache.

Kinachosaidia ni kupanga wakati. Geuza baada ya mlo wa jioni na kupiga mswaki, siyo kabla ya kula, ili asihusishe chakula na kubanwa. Siku za mwanzo unaweza kumpa paracetamol nusu saa kabla, ikiwa daktari amekubali. Kipimo hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa mkupuo mmoja, kwa mtoto wa kilo 25 ni kati ya 250 na 375. Pasipungue saa 4 kati ya mkupuo na mkupuo, na isizidi mara 4 kwa saa 24. Aspirini asipewe kabisa mtu aliye chini ya miaka 16. Vidonge vikali vinavyouzwa dukani kwa "maumivu ya meno", na jeli za ganzi za kupaka, viache mpaka umeongea na daktari wako.

Maumivu yakidumu saa nyingi, au yakizidi siku hadi siku badala ya kupungua, simamisha kugeuza na upige simu. Kusimama siku moja au mbili kwa ushauri wa daktari hakuharibu kazi. Kumgeuzia kwa nguvu mtoto anayelia kunaharibu, kwa sababu kesho hatafungua mdomo.

Ufunguo hauingii, au haugeuki

Hapa ndipo nataka mzazi asome polepole, maana tatizo kubwa kuliko yote ya nyumbani hutokea hapa na karibu kila mara chanzo ni kimoja: mzunguko wa jana haukukamilika.

Angalia jinsi skrubu ilivyo. Ukiitazama kutoka mbele utaona tundu moja. Unaingiza ncha ya ufunguo kwenye tundu hilo na kusukuma kuelekea kooni mpaka inapogota. Tundu ulilolianza limekwenda nyuma, na tundu jipya limetokea mbele, zima, si nusu. Usipoliona tundu jipya, hujamaliza. Ukitoa ufunguo hapo, kesho hutapata pa kuuingiza, kwa sababu tundu moja limefichika nyuma na jingine halijafika mbele.

Kosa la pili liko kwenye kuutoa ufunguo. Mtu anasukuma vizuri hadi mwisho, kisha anauvuta kurudi mbele, na skrubu inarudi nao. Kazi yote imefutika na mtoto ameumia bure. Ukishafika mwisho, ushushe ufunguo kuelekea ulimini huku ukiuelekeza nyuma, utoke kwenye tundu bila kuivuta skrubu.

Mlaze mtoto kitandani, kichwa kwenye mapaja yako, kidevu juu. Mtu wa pili ashike tochi ya simu. Kabla ya yote, funga uzi wa kusafishia meno kwenye mpini wa ufunguo na uuzungushe kwenye kidole chako. Ufunguo ukiteleza, unauvuta kabla haujafika kooni. Hili halina mjadala, hata kama umeshageuza mara nyingi.

Sasa, ikiwa tundu limebaki nusu, jaribu kuingiza ncha ya ufunguo hapo hapo na kumalizia msukumo. Ukishindwa, acha. Usitumie pini, sindano ya kushonea wala njiti ya pikipiki. Piga picha ya ndani ya mdomo, itume kliniki, wakuelekeze. Kwa familia zinazosafiri kutoka mbali, na wengi husafiri kwa sababu madaktari bingwa wa kupanga meno wamekusanyika miji mikubwa, omba mapema namba ya kutuma picha na ufunguo wa akiba. Ufunguo hupotea, hasa kwenye nyumba yenye watoto wadogo.

Na ukisahau siku moja? Endelea kesho kwa kiasi kile kile na uandike kwenye karatasi ya kumbukumbu. Usifidie kwa kugeuza mara mbili. Mfupa hauendi kwa kasi ya kalenda yetu.

Mwanya umetokea katikati ya meno ya mbele

Simu hii hupigwa na bibi. Ameachiwa mjukuu, ameona pengo kati ya meno mawili ya mbele ambalo wiki iliyopita halikuwepo, na anaamini daktari amemharibu mtoto. Mtulize, shikamoo kwanza, kisha umweleze kwamba huo mwanya ndio habari njema yenyewe: mshono wa kaakaa umeachia na pande mbili za taya zinatengana. Kugeuza kukisimama, meno huanza kurudiana yenyewe, na kinachobaki hushughulikiwa baadaye. Nyuzi za ufizi zilizoyaunganisha ndizo zinazoyavuta. Mbinu hii si ya juzi. Mmarekani Emerson Angell aliielezea mwaka 1860, na Andrew Haas akairudisha kwenye matumizi mapana mwaka 1961.

Pwani mwanya ni urembo, na nimewahi kusikia mtoto wa kike akiomba usifungwe. Ni mazungumzo mazuri ya kuwa nayo na daktari, lakini mwambieni mtoto ukweli mapema kwamba mwanya huu una asili ya kuondoka.

Ikiwa umegeuza kwa siku zote ulizoandikiwa na hakuna mwanya wala mabadiliko yoyote, toa taarifa. Si lazima kuna kosa, maana wanaogeuza polepole hawapati pengo kubwa, lakini pia inaweza kuwa skrubu ilikuwa ikirudi kila jioni kwa namna niliyoieleza hapo juu.

"Ulimi unaniuma", "shavu linaniuma"

Mwambie afungue, uangalie kwa tochi. Alama ya mistari juu ya ulimi, isiyo na kidonda, ni chapa ya chuma tu. Itabaki mpaka kitoke na haina madhara. Kidonda cheupe chenye ukingo mwekundu ni msuguano. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, mara kadhaa kwa siku, kwa mtoto anayeweza kutema. Kisha nta ya meno: kata kipande cha ukubwa wa punje ya mbaazi, kikande vidoleni kilainike, kausha chuma kwa pamba, kibandike palipo na ncha. Usipokausha, kitadondoka kwenye kikombe cha chai. Akikimeza hakimdhuru.

Kidonda kinachopita wiki 2 kionekane na daktari. Waya uliochomoza na kuchoma shavu nao ufunikwe kwa nta mkiwa njiani kwenda kliniki, usiukate kwa mkasi wa nyumbani, kipande kinaweza kuingia kooni.

Mdomo unanuka, ufizi umevimba

Chakula kimekwama kati ya chuma na kaakaa. Nyuzi za embe na majani ya mchicha ndizo bingwa wa kujificha huko. Mswaki peke yake haufiki. Nunua bomba la sindano duka la dawa, lisilo na sindano yenyewe, jaza maji ya uvuguvugu, mwinamishe mtoto kwenye beseni na upulize kutoka mbele kwenda nyuma na kutoka pembeni, mpaka maji yatoke safi. Watoto hulipenda zoezi hili wakishika bomba wenyewe. Mswaki wenye dawa ya floraidi ubaki palepale, asubuhi na kabla ya kulala, ukisugua kuzunguka pete za magego. Mtoto wa miaka 7 bado anahitaji mkono wa mtu mzima kumalizia.

Nyama ya kaakaa ikivimba hadi kuanza kufunika skrubu, au usaha ukionekana, usisubiri miadi.

"Kinacheza"

Mtoto anasikia mlio akibonyeza kwa ulimi, au anauma upande mmoja tu, au anakuonesha gego moja na kusema panauma anapotafuna. Shika chuma kwa kidole kisafi ukisukume taratibu. Kikitikisika, simenti imeachia. Kuanzia hapo usigeuze tena, hata mara moja, maana nguvu itakwenda upande mmoja. Kikiwa bado kimeshika upande wa pili, usikivute. Kikitoka chote, kioshe, kiweke kwenye kopo, na uende kliniki upesi, leo au kesho, kwa sababu taya huanza kurudi mahali pake.

Kipande kikimezwa, au ufunguo, na mtoto anakohoa, anakabwa, au kifua kinalia, ni dharura ya hospitali. Hata asipoonesha dalili yoyote, apelekwe akaangaliwe siku hiyo hiyo. Homa pamoja na uvimbe wa uso, au damu isiyokoma, nayo haingoji asubuhi.

Anakataa kufungua mdomo

Usimwambie hakitauma. Mara ya pili hatakuamini, na anayo haki. Mwambie: "Patabana kidogo puani, utahesabu hadi ishirini, kisha pataachia." Ahesabu yeye. Ashike kioo. Achague kama ni kabla ya hadithi au baada. Baba, mama, dada, yeyote anayegeuza awe mmoja na yule yule kwa wiki ya kwanza, maana mkono uliozoea hauchukui muda. Kumtishia sindano au kumfananisha na mdogo wake "asiyelia" kunafanya kazi siku moja tu.

Kila Ijumaa piga picha ya meno yake ya mbele, mahali pale pale penye mwanga. Mwoneshe picha mbili kwa pamoja. Mtoto aliyeona kwa macho yake kwamba kuna kinachosogea hufungua mdomo kwa urahisi zaidi kuliko aliyeahidiwa zawadi.

Kugeuza kumekwisha, mbona hakitolewi?

Pale katikati, mshono ulipoachia, sasa kuna nafasi inayosubiri kujazwa mfupa mpya. Chuma hubaki, bila kugeuzwa, kwa miezi 3 hadi 6 kwa kawaida, kikiwa kazi yake ni kushikilia tu. Wazazi wengi hulegea hapa, ubuyu unarudi, bomba la maji linasahaulika, na pete inabanduka mwezi wa pili bila mtu kujua. Endelea kukagua kwa kidole mara moja kwa wiki, na usafi ubaki vile vile. Kikishatolewa, kaakaa huwa jekundu kwa siku kadhaa na kithembe kinaweza kurudi kidogo ulimi unapotafuta mahali pake, halafu daktari ataamua kama kuna kifaa cha kuvaa usiku. Kifaa hicho cha usiku kikiwa cha kuvuliwa kwa mkono, kisioshwe kwa maji ya moto, kinapinda, na kisifungwe kwenye tishu wakati wa kula. Kiwe na kopo lake lenye jina.